Labda ya Ijumaa

Jumamosi, 2 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kitandani, miguu imevimba kwa zamu na chai imeshapoa. Mama ameniambia siku hizi hata redio huisikii mpaka uilalie, na kwamba ukitumiwa meseji unamrudishia simu yake ukisema herufi ni za sisimizi. Nikasema basi, miaka yote ya kugonga mabati imechukua masikio yako, nitaandika barua. Basi la asubuhi likiondoka na bahasha, mchana unayo mkononi, na hakuna haja ya kupigiana kelele.

Habari yenyewe ni kwamba wamenihamisha meza. Sikai tena na wale wa utabiri wa kesho na kesho kutwa. Nimepelekwa kwa wale wanaotafuta dhoruba za radi siku nne, tano, hata sita kabla hazijatokea. Tuko watatu kwenye chumba chenye feni moja na skrini nyingi kuliko watu. Kompyuta inaichora siku ile ile mara hamsini, kila picha ikianza na tofauti ndogo sana ya joto au ya upepo, halafu sisi tunakaa kuhesabu ngapi zina dhoruba na ngapi hazina. Zikikubaliana tunasema kwa sauti. Zikigombana tunasema taratibu. Mkuu wa zamu anasema kazi yetu ni kusema "labda" kwa usahihi, na mimi nimeipenda kazi hii kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mama aliuliza kama anaweza kufua mablanketi. Mwambie afue tu, wiki yote naona anga kimya.

Nisalimie ngazi yako.

Binti yako,
Bi Wingu (jina mlilonipa kwa utani, sasa limenikalia)


Jumapili, 3 Machi

Marahaba, Bi Wingu,

Barua imefika. Mama yako ameisoma kwa sauti mpaka majirani wote wamejua umehamishwa meza, kisha nami nikaisoma mwenyewe kimya kimya, maana anaposoma yeye huwa anaongeza ya kwake.

Nikuulize, mwanangu. Sisi tulifundishwa dalili ya mvua ni mawingu. Nyinyi mnaiona mvua hata mawingu yenyewe hayajatungwa mimba. Na mnalipwa. Hongera, kumbe ada zangu hazikupotea.

Huku nimepata kazi nzuri. Paa la wodi ya watoto pale hospitali limeoza, ukilitia kidole bati linapasuka kama karatasi. Msimamizi wa hospitali ana wageni mwisho wa mwezi, kwa hiyo ana haraka ya bwana harusi. Tutaezua nusu kwanza. Watoto wote wamesukumwa nusu ya pili, wawili wawili kitandani, na kati yao na sisi kuna ukuta wa mbao nyembamba tu. Sista Mkuu wa wodi ananiangalia kama mimi ndiye niliyewaletea homa. Na si mabati peke yake, kenchi nazo, zile mbao zinazobeba paa, zimeliwa na mchwa. Zitatoka zote, tusimamishe mpya, ndipo tufunike. Tukishafungua tutakaa wazi siku kadhaa.

Nafikiria kuanza wiki hii. Mama yako kaanika mablanketi, kamba imejaa.

Kula vizuri. Chai usiiache ipoe.

Baba yako,
Fundi


Jumatatu, 4 Machi

Baba,

Shikamoo. Usianze.

Naliweka hilo mbele ili Mama asome hilo kwanza kabla hajaongeza ya kwake. Sasa nieleze.

Jumamosi nilipokuandikia, picha mbili tu kati ya zile hamsini zilikuwa na dhoruba siku ya Ijumaa. Mbili ni kelele, hakuna mtu anayeamka kwa mbili. Leo asubuhi zimekuwa kumi na tano. Upepo wa juu umegeuka, na unyevu unaingia huko kwenu kila siku zaidi kidogo. Tumeandika asilimia thelathini kwa eneo lenu, Ijumaa alasiri: radi, upepo wa kung'oa, pengine na mvua ya mawe. Kesho redio itasema.

Nikueleze kwa lugha ya jikoni. Sufuria ina maji, moto unawaka vizuri, lakini juu kuna kifuniko kizito, tabaka la hewa ya joto linalozuia mvuke usipande. Kikifunguka, hapo ndipo balaa. Kisipofunguka, mtatoka jasho tu mpaka jioni. Siku nne kabla, hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia kama kifuniko kitafunguka juu ya mji wenu. Tunachoweza kusema ni kwamba moto upo.

Niliposema wiki ni kimya nilikuwa namjibu Mama habari ya mablanketi. Ningejua kuna paa la wodi ningeangalia mara tatu na ningeandika vingine kabisa. Kwa hiyo tafadhali subiri. Hilo paa bovu limevumilia miaka, litavumilia wiki moja.

Bi Wingu


Jumanne, 5 Machi

Bi Wingu,

Marahaba. Tumekusikia, usiwe na wasiwasi. Mimi si kijana wa kukimbilia bati.

Lakini hiyo thelathini yako imetuletea mjadala hapa nyumbani. Thelathini ya nini? Mama yako anasema ni theluthi ya mji itakayonyeshewa, na anaomba iwe upande wa yule jirani asiyerudisha ndoo. Mimi nasema ni thelathini ya siku, yaani itanyesha alasiri kidogo halafu basi. Fundi cherehani wa hapa mtaani, ambaye hakuulizwa, amesema maana yake hamjui. Tuamulie.

Mablanketi yamekauka vizuri, yananukia jua.

Nikuulize jambo, nauliza tu kwa kutaka kujua, mtu haachi kujifunza. Huo upepo wa Ijumaa, ukija, utatoka upande gani? Na turubai zito la lori, likifungwa kwa kamba kila baada ya hatua moja, linaweza kustahimili?

Hakuna haraka ya jibu. Ila ukiweza, jibu kwa basi la kesho kutwa asubuhi.

Fundi


Jumatano, 6 Machi

Baba,

Umeshaezua.

Mtu mwenye paa juu ya kichwa haulizi upepo unatoka upande gani. Na mtu asiye na haraka hataji basi. Nimeisoma barua yako kwenye korido, nimesimama, na sijui nilikasirika kwanza au niliogopa kwanza. Nadhani ulianza Jumatatu asubuhi, barua yangu ikiwa bado haijaandikwa. Nadhani ulianza kwa sababu ya mablanketi.

Nijibu ulichouliza. Upepo utatoka mashariki, kati ya saa tisa na jua kuzama. Kama nusu mliyoifungua ndiyo ya mashariki, utaingia moja kwa moja, utausukuma ule ukuta wa mbao, na utalinyanyua bati bovu la upande wa pili kutoka chini, juu ya watoto. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Turubai halitasaidia, litajaa upepo kama tanga na kung'oka na kenchi zako mpya.

Leo picha ni ishirini na tatu. Tumepandisha hadi arobaini na tano. Mkuu wa zamu alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole, "Wazazi wako si wako huko?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi tuhesabu pamoja." Tukahesabu pamoja, tukapata arobaini na tano.

Nakuomba watoto watoke humo kabla ya Ijumaa mchana, waende kwenye jengo lolote lenye zege juu. Nimepiga simu hospitali, karani amesema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuusahau, kwamba atafikisha ujumbe. Simu ya Mama haina chaji, kama kawaida. Ndiyo maana naandika.

Na ile thelathini, sasa arobaini na tano: maana yake siku kama hii ikija mara mia, mara arobaini na tano hapo mlipo patapigwa, na mara hamsini na tano hapatapigwa. Siwezi kujua Ijumaa hii ni ya kundi lipi. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya, na nimechoka kudanganyana wiki hii.

Bi Wingu


Alhamisi, 7 Machi

Mwanangu,

Ni kweli. Jumatatu alfajiri tulikuwa juu. Barua yako ya kusema nisianze ilifika Jumanne, mabati yote yakiwa chini na kenchi nusu zimetoka. Maji yameshamwagika. Nusu iliyo wazi ndiyo ya mashariki.

Nimekwenda kwa msimamizi na barua yako mkononi. Akaisoma, akacheka vizuri tu, si kwa ubaya. Akasema, "Fundi, arobaini na tano ni chini ya nusu. Hata mtihani mtu huyo amefeli." Akasema hawezi kuhamisha watoto wagonjwa ishirini na kitu, na dripu zao, na mama zao, kwa sababu ya labda. Ikitoka amri kutoka juu atatii.

Mimi mwenyewe wiki iliyopita ningesema kama yeye.

Naenda kwa Sista Mkuu sasa hivi. Kijana wa basi anasubiri bahasha.

Fundi


Jumamosi, 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Hatimaye Mama amechaji simu na ameniambia yote, akicheka mpaka akakohoa. Kwamba watoto walihamishiwa ukumbi wa chakula. Kwamba jua liliwaka siku nzima. Kwamba mtaani wanakuita Nuhu.

Nami niliiangalia kutoka huku, tangu saa sita mchana sikuinuka kwenye kiti. Wingu lilisimama mashariki yenu saa tisa na nusu, likapanda vizuri, nikaona kwenye skrini kitovu chake kinakuwa chekundu. Halafu likagonga kile kifuniko, likatanda, likafa. Hakuna mahali popote katika eneo letu palipopigwa. Si kwenu, si jirani, si ng'ambo ya mto. Kifuniko hakikufunguka.

Samahani, Baba. Nimewatoa watoto wagonjwa vitandani bure. Nimekufanya uchekwe kwenye mji ulikofanya kazi maisha yako yote. Samahani pia kwa mablanketi, yote yalianzia pale. Mkuu wa zamu anasema utabiri haukuwa na kosa, kwamba tukisema arobaini na tano na isije, tumo ndani ya zile hamsini na tano, na kwamba ningeshangaa zaidi kama kila tulichokitaja kingetokea. Najua ni kweli. Nimewafundisha wengine maneno hayo hayo. Lakini hao wengine hawakuwa na baba anayeitwa Nuhu.

Kuna jambo linaloninyima usingizi. Tulihesabu picha pamoja, ndiyo, lakini picha tatu zilikuwa za kati kwa kati, na mimi ndiye niliyesema tuzihesabu upande wa dhoruba. Nimejiuliza kama arobaini na tano ilikuwa ya anga, au kama sehemu yake ilikuwa ya woga wangu. Samahani kwa hilo pia. Nafikiria kuomba nirudishwe meza ya kesho na kesho kutwa. Kule mtu akikosea anakosea kidogo.

Binti yako


Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa muda kabla ya kuandika, nilitaka niandike vizuri.

Mama yako amekusimulia kicheko. Mimi nikusimulie yaliyotangulia.

Alhamisi nilimkuta Sista anapima homa. Nikampa barua yako. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza, "Nikiwaacha hapa, wewe Ijumaa alasiri utakuwa wapi?" Nikasema nitakuwa humu humu ndani, nimeshikilia zile mbao. Akasema, "Basi hulitegemei hilo bati lako." Na hapo hapo akaanza kufungua dripu ya kitanda cha kwanza. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akina mama wa watoto wakabeba magodoro, vijana wangu wakabeba vitanda. Msimamizi alisimama kwenye korido mikono nyuma, na baada ya muda nikamwona naye kashika mto mmoja, anaufuata msafara kama aliyetumwa. Binti mmoja mwenye mguu wa plasta alikataa kushuka, akabebwa na kitanda chake, anapunga mkono kwa kila aliyepita.

Ijumaa ilikuwa jua, kweli. Lile wingu lako nililiona. Radi siisikii, lakini niliuona mwanga wake mbali, mara mbili. Saa kumi na moja likayeyuka. Jumamosi tukarudisha vitanda, na hapo ndipo kicheko kilipoanza. Fundi cherehani aliniuliza punda wangapi wamepanda, na kama kuna nafasi ya mbuzi. Msimamizi aliniambia mbele za watu kwamba fundi apande paa, anga awaachie wenyewe. Inauma kidogo, sitakudanganya. Kesho kutwa watakuwa na jingine la kucheka.

Sasa sikiliza. Umeandika samahani mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Sizitaki hata moja. Kwanza ile ya mablanketi ni ya kwangu. Wewe ulimjibu mama yako kuhusu nguo, mimi nikaichukua barua ya nguo nikaezulia wodi. Sikukuuliza, kwa sababu lilikuwa neno la binti yangu na nilipenda kulitumia. Nilitaka kuwaambia vijana wangu, panda, binti yangu amesema. Halafu nikakuficha ukweli, kwa sababu nilijua utajibebesha lawama, na kwa sababu niliona haya. Hizo mbili zote ni kweli.

Unauliza arobaini na tano ilikuwa ya anga au ya woga. Mimi sijui, hayo ni yenu. Ninachojua, nilipoezeka nyumba hii mlimozaliwa nilipiga misumari miwili kila mahali palipotosha mmoja, kwa sababu ninyi ndio mngelala chini yake. Bati halijawahi kulalamika.

Na hili ndilo nililotaka kukuandikia. Tangu Jumanne barua yako ilipofika, sikuwa napata usingizi. Nilikuwa nikifumba macho naliona bati linanyanyuka. Ijumaa, wingu lile limesimama pale jeusi chini, halijaamua, niliingia wodini peke yangu. Hakuna kitanda, hakuna mtoto, mswaki mmoja tu umesahauliwa dirishani. Nikakaa sakafuni, juu yangu lile bati bovu. Sikuogopa, mwanangu. Nikalala usingizi pale pale, Sista ndiye aliyeniamsha. Hicho ndicho ulichonipa. Kama mvua ingekuja au isingekuja, hilo ni shauri lake, mimi nilishalipata la kwangu.

Kwa hiyo usirudi meza ya kesho. Ya kesho mtu yeyote anaweza kuchungulia dirishani. Mimi nakuhitaji hapo ulipo.

Tena nakuhitaji wiki hii. Nusu ya kwanza imekwisha kufunikwa, imebaki ya pili. Mbingu ni safi tangu asubuhi na msimamizi anataka tuezue leo, anasema kila mwenye macho anaona hali ilivyo. Nimemwambia ninasubiri barua. Akauliza, "Ile ile ya arobaini na tano?" Nikasema ile ile. Akatikisa kichwa akaenda zake, lakini nimemwona amemsimamisha Sista, wanaongea kuhusu ukumbi wa chakula.

Niandikie Alhamisi ina ngapi na Ijumaa ina ngapi, hata kama ni tatu, hata kama zinagombana. Vijana wamekaa kivulini, ngazi tumeilaza chini. Hatutagusa msumari mpaka basi lifike.

Baba yako,
Fundi